Kangemi au Katikati ya Jiji: Uanzie Wapi na Skeitibodi?

Mpwa wangu ana miaka 13, anakaa mtaa wa Umoja hapa Nairobi, na tangu Desemba ana skeitibodi aliyoachiwa na jirani aliyehama mtaa. Wiki ya pili ya likizo alinipigia kwa simu ya mamake. "Anko, nikajifunzie Kangemi ama town?" Nadhani alitarajia jibu la neno moja. Bahati yake mbaya, riziki yangu ni kuchora ramani za majengo katika ofisi ndogo ya wasanifu, na ubao wenyewe nilianza kuupanda nikiwa na miaka 24, umri ambao wenzangu walikuwa wanauacha. Kwangu hilo haliwezi kuwa swali la nauli tu. Nilimwomba siku mbili nimwandikie, na nilipomaliza nikaona kuna wengine wengi wanaouliza hivyo hivyo, wakiwemo wazazi ambao hawajui hata tofauti iko wapi.

Kangemi maana yake ni skeitipaki ya Shangilia, uwanja wa kupandia ubao: zege lililomwagwa mwaka 2013 ndani ya kiwanja cha makao ya watoto ya Shangilia Mtoto wa Afrika, kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid. Kuta zake zimepinda, hakuna gari linalopita, na kila kona iliwekwa kwa ajili ya magurudumu. Town ni vyote ambavyo havikuwekwa kwa ajili yako: ngazi za ofisi, ukingo wa bustani, veranda ya terazo, maegesho yaliyobaki matupu Jumapili asubuhi. Kwa lugha ya wenye mchezo, kule ni bakuli na huku ni plaza. Ni koo mbili, kila mmoja ulizaliwa na jengo la aina yake, na ndiyo maana mmoja unachubua magoti na mwingine unavunja viganja.

Bwawa lisilo na maji

Mwaka 1939 msanifu wa Finland, Alvar Aalto, alimaliza nyumba iitwayo Villa Mairea huko Noormarkku, kwa familia tajiri ya Gullichsen. Uani aliweka bwawa la kuogelea ambalo ukingo wake haukunyooka popote. Linajipinda kama figo. Enzi hizo majengo ya kisasa yalisifiwa kwa pembe kali na mistari mirefu, kwa hiyo bwawa lile lilikuwa kama mgeni aliyevua viatu katikati ya harusi. Msanifu wa bustani kutoka California, Thomas Church, alikuwa amemtembelea Aalto mwaka 1937. Mwaka 1948 yeye na vijana wa ofisi yake wakatengeneza bwawa la umbo la figo kwenye shamba la familia ya Donnell, Sonoma, na picha zake zikasambaa. Miaka iliyofuata, kila mwenye nyumba wa California aliyeshika hela kidogo alitaka figo yake uani.

Kuna jambo la ufundi hapa ambalo wasimulizi wengi huliruka. Bwawa la mstatili unalijenga kwa kusimamisha mbao na kumwaga zege katikati. La kupindapinda ni mateso kwa seremala. Ni rahisi zaidi kuchimba shimo, kusuka vyuma, kisha kurusha zege kwa mpira wa hewa likaganda moja kwa moja juu ya udongo. Na zege la kurushwa halipendi kona: ukuta unashuka kwa mviringo hadi unakuwa sakafu, huwezi kusema ni wapi kimoja kimeisha na kingine kimeanza. Juu kabisa wajenzi walipanga mawe yaliyochomoza kidogo ili muogeleaji apate pa kushika. Hakuna aliyewaza ubao.

Kisha ukaja ukame wa 1976 na 1977. Mabwawa ya California yakakaa bila maji, na vijana wa Santa Monica na Venice wakaanza kuruka nyua za watu. Walikuwa na kifaa kipya: miaka michache nyuma Frank Nasworthy alikuwa ameanza kuuza magurudumu ya yurithani, yanayoshika sakafu, wakati yale ya zamani yalikuwa ya chuma au yale yaliyoitwa ya udongo na yaliteleza kama sabuni. Ndani ya mabwawa wakagundua kwamba ukuta uliopinda unakurudishia mwendo wako, na kwamba lile jiwe la waogeleaji ni mahali pazuri pa kusagia ekseli, yaani kuteleza juu ya chuma kinachoshika magurudumu. Bakuli zote za skeitipaki duniani ni wajukuu wa mashimo yale. Zege la Kangemi, kwa hesabu hiyo, lina damu ya Finland, habari ambayo mpwa wangu aliipokea kwa "sawa" moja tu.

Kwa anayejifunza, urithi huo una maana. Bakuli linafundisha mwili kabla halijafundisha mbinu. Hupigi teke ardhi kila mara. Unakunja magoti ukiingia kwenye mpindo, unayanyoosha ukipanda, na ubao unaongeza kasi kama mtoto anavyojisukuma kwenye bembea. Kuanguka nako kuna njia yake: ukiwa na pedi, unapiga magoti na kuserereka hadi chini, unainuka. Kigumu ni kimoja, nacho ni kigumu kweli. Utasimama juu ya ukingo, mkia wa ubao umekanyagwa, magurudumu ya mbele yananing'inia hewani, na itakubidi uutupe uzito wako wote mbele, kuelekea shimoni. Ukirudi nyuma kwa woga hata kidogo, ubao unakutoka na kisogo kinatangulia. Nimeona watu wazima wenye familia wakisimama pale dakika 20 nzima, wakishuka kwa miguu, wakipanda tena.

Uwanja mtupu mbele ya ghorofa

Plaza ina baba mwingine. Mwaka 1958 jengo la Seagram lilikamilika New York, kazi ya Mies van der Rohe. Wakati majirani zake walijenga hadi kwenye njia ya miguu, yeye aliusogeza mnara nyuma na kuacha uwanja wa mawe ya granaiti, wenye vidimbwi viwili na kingo ndefu za marumaru pembeni. Jiji likapendezwa. Kanuni za ujenzi za New York za 1961 zikampa mwenye kiwanja ruhusa ya kuongeza ukubwa wa jengo lake iwapo angeacha uwanja wa umma chini. Unajua wenye viwanja: viwanja vikachipuka kama uyoga, vingi vikiwa vitupu, vya upepo, bila pa kukaa. Ofisi za dunia nzima zikaiga, na zetu hazikubaki nyuma. Ngazi pana, vyungu vya zege vizito kuliko gari, ukingo wa kufikia goti: hiyo ni lugha ya miaka ile, na sisi wachoraji bado tunaizungumza.

Vijana hawakuingia humo mara moja. Kwa ubao usioweza kuruka, ngazi ni ukuta. Kuruka kwenyewe kulianzia bakulini: mwishoni mwa miaka ya 1970 Alan Gelfand wa Florida alikuwa akipaa na ubao kutoka kwenye ukuta bila kuushika kwa mkono, na miaka ya mapema ya 1980 Rodney Mullen akafanya jambo hilo hilo kwenye sakafu tambarare, kwa kupiga mkia chini na kuburuta mguu wa mbele. Mruko huo unaitwa oli. Siku ulipohamia tambarare, kila ukingo wa kila plaza ulifunguka.

Hapa kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Miongoni mwa vijana wa ofisi ya Church walioshiriki kwenye bwawa la Donnell alikuwemo Lawrence Halprin. Huyo huyo baadaye akawa msanifu wa plaza ya Embarcadero ya San Francisco, iliyojengewa chemchemi ya zege ya Armand Vaillancourt iliyozinduliwa mwaka 1971, na plaza hiyo miaka ya 1990 ikawa kama Makka ya skeiti ya mitaani. Mtu mmoja alishika kalamu kwenye koo zote mbili bila kupanga.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Bakuli lilipojengewa skeitipaki lilipata kwao. Plaza kila siku ni ya mtu mwingine. Philadelphia ilipokataza ubao katika LOVE Park, bustani ya mji ya mwaka 1965, mpangaji miji Edmund Bacon, mmoja wa waliobuni mahali pale, alikwenda mwaka 2002 akiwa na miaka 92, akavaa helmeti, akapanda ubao huku ameshikwa mikono, ili kupinga marufuku. Norway ilikwenda mbali zaidi: kuanzia 1978 hadi 1989 ubao ulipigwa marufuku nchi nzima. Nalitaja kwa sababu ni nchi ya Karl Henrik Nøstvik, aliyesanifu KICC, jumba letu la mikutano la katikati ya jiji, pamoja na David Mutiso. KICC ilijengwa kati ya 1967 na 1973, ghorofa 28, mita 105 kwenda juu, na chini yake imeacha uwanja mpana wenye sanamu ya Mzee Kenyatta. Ukitaka kumwonyesha mtoto plaza ya kisasa ni nini, mpeleke pale. Ukitaka kupanda ubao pale, omba ruhusa kwanza, na usishangae ukinyimwa.

Mimi nimefukuzwa mahali pengi, ila mara moja ndiyo imebaki kichwani. Ilikuwa jengo moja la Upper Hill, ambalo sitalitaja, Jumapili saa mbili asubuhi. Soja alikuja polepole, bila rungu, akauliza kama namjua mwenye jengo. Nikasema hapana. "Basi, boss wangu, hiyo ukuta ukiipasua marumaru, wataikata kwa mshahara wangu. Na hawataniuliza nani alipasua." Nilishuka, nikabeba ubao, sikuwa na la kujibu. Jambo sikumwambia: ofisini kwetu nimewahi kuchora meno ya chuma ya kugongelewa kwenye ukingo kama ule, kila baada ya nusu mita, kwa agizo la mteja ambaye hakutaka watu wakae. Meno hayo humzuia anayekula mahindi choma na anayesaga ekseli kwa usawa kabisa.

Sakafu ndiyo mwamuzi

Hadi hapa ungeweza kuchagua kwa moyo. Ila Nairobi ina sakafu zake, na mimi huanzia hapo kila mtu akiniomba ushauri.

Adui namba moja ni kabro, yale matofali ya kutandika njia. Tofali la kabro la kawaida lina milimita 200 kwa 100, na ncha zake za juu zimechongwa mshazari kidogo ili zisibanduke. Kwa mguu wa mtu ni sawa. Kwa gurudumu la milimita 52, kila kiungo ni korongo. Fanya hesabu: ukienda mita tatu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, na viungo vikiwa kila milimita 100, unagongwa mara 30 kwa sekunde. Meno yanagongana, nyayo zinawasha, na ubao unapoteza kasi kama umefungwa jiwe. Plaza ya Embarcadero nayo ilikuwa ya matofali. Yetu hupangwa juu ya mchanga, mvua ya masika ikija mchanga unahama, na baada ya mwaka mmoja una sakafu ya mawimbi. Njia nyingi za miguu zilizofanyiwa ukarabati mjini ni kabro. Zinapendeza, na ubao haziutaki.

Terazo ni hadithi nyingine. Kama hujawahi kuona ikitengenezwa: fundi anachanganya chembe za marumaru na simiti, anaimwaga kati ya vipande vyembamba vya kugawia, inakauka, kisha mashine ya jiwe la kusagia inazunguka juu yake na maji siku nzima hadi chembe zinakatika na kung'aa. Veranda za majengo ya zamani katikati ya jiji bado zinazo. Gurudumu gumu juu ya terazo linatoa sauti ya hariri ikichanwa, na unaenda mbali kwa teke moja. Tatizo ni vumbi na maji. Asubuhi wakimaliza kupiga deki, terazo inageuka barafu. Niliwahi kuondoka miguu juu mbele ya mama wa kuuza magazeti, naye akaniuliza kama nimelipwa kufanya hivyo.

Zege la skeitipaki liko katikati: si laini kama terazo, linashika zaidi, na ndivyo linavyotakiwa kuwa. Anayepiga mwiko kwenye mpindo wa bakuli ana kazi ngumu kuliko wa sebuleni, kwa sababu zege bichi linataka kuserereka chini, na akilikosea dakika ya kulisawazisha linabaki na nundu ambayo kila mpandaji ataikumbuka kwa jina. Likitunzwa, linadumu. Likiachwa, nyufa zinaingia maji. Ufagio ni sehemu ya mchezo pia. Siku ya kwanza ya mpwa wangu kule, kilichomwangusha si ukuta. Ni kokoto moja kama punje ya choroko. Gurudumu likagoma, yeye akaendelea.

Tarumbeta za wauzaji zisikudanganye kuhusu magurudumu, basi. Kwa bakuli na terazo unataka gumu, kipimo cha ugumu cha 97A kwenda juu. Kwa plaza wengi hupanda milimita 52 hadi 54, kwa bakuli 56 hadi 60 kwa sababu kubwa linashika kasi. Kwa kabro na lami iliyochoka ya mtaani unataka laini, 78A hadi 85A. Mtoto anayetoka Umoja akivuka sakafu zote tatu kwa siku moja hawezi kubeba seti tatu. Ningemnunulia milimita 56 zenye ugumu wa 90A hivi, zitanung'unika kila mahali lakini zitafika. Beringi azisafishe kila mwezi, vumbi jekundu huziua haraka kuliko mvua. Kwa kingo za plaza, mshumaa wa dukani unatosha: unausugua kwenye zege hadi linang'aa, ekseli inapita. Ukiufanya kwenye jengo la mtu, huo ni uharibifu wa mali, usiniambie hukuambiwa.

Nani aende wapi

Kwa mwili, Kangemi inashinda kwa anayeanza, na sina shaka nayo. Tambarare ya mjini inakuangusha wima kwa wima: miguu inatangulia, mkono unajitupa nyuma kujiokoa, kifundo kinalipa. Helmeti na pedi ni lazima kokote, hilo halina ulinganisho.

Kwa watu pia. Kule utakuta wanaojua kuliko wewe, na wengine wao ni watoto wa miaka tisa watakaokupita bila kukuangalia. Ni aibu yenye afya. Ila kumbuka pale ni nyumbani kwa watoto. Uliza siku na saa za wageni kabla ya kwenda, salimia wakubwa unaowakuta, usiingie kama unayeingia uwanja wa umma. Mjini hakuna wa kumuuliza na hakuna wa kukuokota. Mna soja, madereva, na mpita njia mmoja kila Jumapili anayetaka kujaribu ubao wako akiwa amevaa viatu vya kanisani.

Kwa gharama, town inashinda. Sisi tulitumia matatu mbili kwenda Kangemi, Umoja hadi mjini kisha mjini hadi Waiyaki Way, na tulipoteza saa moja na nusu kabla hata ya kufunga kamba za viatu. Mtu wa Westlands au Kawangware hana kisingizio. Mtu wa Kayole au Pipeline, hesabu nauli ya mwezi kwanza. Kama haitoshi, usikae bure: tafuta slabu. Karibu kila mtaa wa Eastlands una jengo ambalo maegesho yake ya chini, au paa lake, limepigwa niru laini. Omba kwa mlinzi na kwa mwenye nyumba, jifunze kusukuma, kugeuka na kusimama kwa miezi miwili. Hiyo sio plaza wala bakuli, ni darasa la chekechea, na halina ubaya.

Kwa mbinu, inategemea unataka kuwa nani. Olimpiki ya Tokyo ya 2020, iliyofanyika 2021, ilikuwa na mashindano ya aina mbili, moja ya mabakuli na moja ya mitaani. Uwanja wa mitaani ulikuwa na ngazi na reli zilizojengwa kwa makusudi ziigize zile tunazofukuzwa. Aliyekulia bakulini huwa na mwendo wa maji, magoti laini, haogopi kimo. Aliyekulia plaza ana miguu ya haraka na jicho la kuona ukingo mzuri kutoka dirishani mwa matatu. Mimi ni wa plaza. Nilichelewa, nilijifunza peke yangu, na hadi leo mwili wangu unakakamaa nikiona ukuta uliopinda. Ningezaliwa upya ningeanza Kangemi.

Kwa hiyo, kwa mtoto chini ya miaka 15: Kangemi, hata kama ni mara mbili tu kwa mwezi, na slabu ya mtaani siku zilizobaki. Kwa kijana mwenye kazi mjini na Jumapili huru: anza maegesho matupu kabla ya saa tatu, epuka ngazi hadi oli yako ivuke tofali lililolazwa, kisha nenda Kangemi uone ulichokosa. Kwa mtu mzima mwenye bima ya ofisi na magoti ya zamani, bakuli, polepole, na pedi nene kuliko unavyoona aibu. Anayetaka picha za Instagram tu aende town, mwanga wa jioni kwenye zege ni mzuri, na ubao unaweza kuushika mkononi.

Dada yangu alisoma haya yote na kuuliza swali moja: "Kwa hivyo ni wapi?" Nikasema Kangemi. Tumeshaenda mara tatu. Mara ya kwanza mtoto alikaa saa mbili akipanda na kushuka ukuta mfupi bila kufika juu, kama anayebembea. Mara ya tatu alisimama ukingoni na mkia umekanyagwa, akahesabu hadi tatu mara nyingi, na hakushuka. Sikumsukuma.

Siku hiyo tukirudi tulishuka mjini tukapitia City Hall Way kuelekea matatu za Umoja, nikasimama nimwonyeshe KICC. Ule ukumbi wa pembeni ya mnara, wenye paa la pia iliyosimama, aliutazama muda mrefu. "Anko, hiyo ni bakuli wamepindua." Nilikuwa natafuta jibu la kisomi, lakini yeye alikuwa ameshainama, anaburuta kisigino cha kiatu chake juu ya njia ya miguu na kusikiliza kinavyogonga kwenye viungo. Tak, tak, tak, tak. Akatikisa kichwa.

"Hapa ni magurudumu laini," akasema, akachukua ubao wake kwapani tukaendelea.